Nisainie Hapa, Mjomba

Kijana akija kwako Jumapili asubuhi na simu mkononi, hakuna neno. Ataomba vocha, mtamalizana. Akija na bahasha ya kaki, ujue kuna mtu anatafutwa. Mpwa wangu juzi kaingia uani saa nne kamili, bahasha kaibana kwapani kama karani wa mahakama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Fomu ya mkopo wa chuo. Imebaki saini yako na muhuri wa mtaa tu."

Hiyo "tu" naijua. Ada ya maombi 30,000 nilitoa mimi, tu. Kuhakiki cheti cha kuzaliwa, mimi, tu. Wakili alitaka elfu kumi kunitazama usoni dakika moja na kuandika kwamba mimi ni mimi. Picha ya pasipoti nimetoka kama mtu aliyekwisha kukimbia, na ndiyo hiyo watakayoibandika siku wakianza kunitafuta. Kwa mwenyekiti wa mtaa tumekwenda mara tatu. Mwenyekiti yuko msibani, na muhuri nao uko msibani.

Mimi sikatai kudhamini. Mimi ni mtu na heshima zangu, na mambo ya mkopo nimeyajua yeye akiwa bado analilia uji. Nilisoma 2008 mpaka 2011, bumu, yaani posho ya mkopo, 5,000 kwa siku, na hiyo 5,000 ndiyo chai, ndiyo nauli, ndiyo chumba, ndiyo heshima mbele ya mabinti. Tukaandamana tukitaka 10,000. Mabomu ya machozi tumeyala sisi, mimi nina kovu la goti la kuruka senyenge ya bwalo. Serikali ikasikia kilio, ikapandisha mpaka 7,500, kuanzia mwaka wa masomo uliofuata. Mimi nimeshavaa joho. Baadaye ikawa 8,500, na 2022 ikafika 10,000. Elfu kumi yangu imetembea kwa miguu miaka kumi na moja, imefika mimi nina kitambi.

Nikamwambia hivyo. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mjomba, elfu kumi ya leo ni chipsi mayai na soda, umebaki na nauli ya kwenda tu." Anayosema ni kweli, na ndiyo yaliyoniudhi.

Hapo ndipo baba mkubwa akakohoa.

Baba mkubwa ana miaka themanini na ushee, na kikohozi chake hakina uhusiano wowote na kifua. Ni kengele ya kufungua kikao. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, bakora katikati ya magoti, redio imezimwa ili betri zisiishe. "Nyinyi vijana," akasema, na humo nimo na mvi zangu, "mnapenda sana kulalamika. Sisi tulisomeshwa na nchi. Bure! Bwalo tunakula, kitanda tumetandikiwa, likizo nauli mkononi. Na hatukulalamika, kwa sababu tulikuwa na shukrani."

Mpwa wangu kafungua mdomo kama anasikiliza habari za peponi.

"Mwalimu Nyerere alisema," baba mkubwa akaendelea, na bakora ikapanda juu, "msomi ni kama mtu wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wamempa chakula chote kilichobaki, apate nguvu, aende mbali akawaletee chakula. Asiporudi ni msaliti!"

"Baba mkubwa," nikasema kwa adabu zote, "wewe kile chakula ulipewa, ukala, ukashiba. Mimi nilikopeshwa. Na kila mwaka kijiji kikaniongezea asilimia 6 juu, eti chakula kisipoteze thamani. Nimeanza kazi nakatwa asilimia 8 ya mshahara, sawa, ndiyo niliyoikubali. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, ikawa asilimia 15. Deni la zamani, makato mapya! Mtu umeshakula ugali wako, umeosha mikono, umeondoka, miaka mitano baadaye mwenye hoteli anakufuata na bei mpya."

"Ungekuwa mzalendo usingehesabu."

"Asilimia 15, baba mkubwa!"

"Sisi tuliipenda nchi."

Kumbe jikoni shangazi anasikia. Shangazi ni mdogo wake baba mkubwa, tumbo moja, na ana kumbukumbu ambayo familia yetu imeshindwa kuidhibiti. Sauti ikatoka pamoja na moshi wa samaki: "Kaka! Waambie basi mwaka sitini na sita ulirudi nyumbani na sanduku kufanya nini!"

Kimya. Kuku wenyewe walisimama.

"Hayo ni mambo mengine," akasema baba mkubwa.

"Mengine yapi? Mimi nilikuwa kigori, ndiye niliyekupokea sanduku barabarani. Mama alidhani umefiwa!"

Ikabidi yatoke. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana mpaka Ikulu kupinga kupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa, maana baada ya kambi mtu alitakiwa afanye kazi mwaka na nusu kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja likasema afadhali ukoloni. Mwalimu akawasikiliza, akapandwa na hasira, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo, kisha akawarudisha makwao wanafunzi 393. Baba mkubwa wetu mwenye shukrani ni mmoja wa hao.

"Ulishika bango, babu?" mpwa wangu akauliza, macho yanang'aa.

"Nilishika upande mmoja. Upande wenye maneno alishika mwingine."

"Na ukarudije chuo?"

Baba mkubwa akaitazama bakora. "Tulisamehewa," akasema taratibu. "Wengi wetu tulisamehewa."

Hilo neno ndilo lililonichoma, maana hata mimi nina habari zangu za msamaha. Februari 2021, kwa akili zangu timamu, nilikopa Saccos milioni mbili na nusu nikalimaliza deni la chuo lote, niepukane na ile asilimia 6. Nikajiona mjanja, nikamnunulia mke wangu kitenge. Mei Mosi tumesimama juani, fulana mpya ya chama cha wafanyakazi imenibana tumboni, kofia ya karatasi, redioni sherehe za kitaifa kutoka Mwanza. Rais Samia akatangaza: ile asilimia 6 imefutwa. Uwanja mzima ukalipuka. Nikarusha kofia mimi, nikapiga vigelegele vya kiume, nikamkumbatia mhasibu ambaye hatusalimiani. Kofia ilikuwa bado haijatua nilipokumbuka.

Nikaiokota polepole.

Mwaka huohuo na adhabu ya asilimia 10 ya wasiolipa ikafutwa. Mwenzangu mmoja tuliyekaa chumba kimoja chuoni, aliyeukimbia mkopo ule miaka tisa kama anadaiwa roho, akanipigia simu kunieleza kwamba Mungu ni mwema.

Jamani, mimi sitaki kurudishiwa. Naomba mtu mmoja tu, hata mjumbe wa nyumba kumi, anitazame machoni aseme pole. Baba mkubwa kasoma bure, kagoma, kasamehewa. Huyu kijana kasoma sekondari bila ada, kafika kidato cha tano kakuta ada ya huko nayo imefutwa tangu 2022, atakopa bila ile asilimia 6, na mdhamini anaye. Yule ambaye mama yake aliuza mbuzi ili apate ada ya kidato cha tano, akakatwa kwa bei zote mbili, akalipa yote kwa wakati, huyo hana cha kusamehewa kwa sababu hana anachodaiwa! Nilisema hayo kwa sauti mpaka jirani akachungulia ukutani, nikajifanya naita mbwa. Mbwa hatuna.

Basi nikasaini. Ningefanyaje, mtoto wa dada. Shangazi kachagua dakika hiyohiyo kuleta sahani ya samaki, nami nimeshika kalamu mkono huu na samaki mkono huu, tone la mafuta likatua juu ya jina langu, likatanuka taratibu mpaka kwenye namba ya kitambulisho. Mpwa akasema fomu yenye doa hawaipokei. Itabidi kuchapisha upya, kurudi kwa wakili, kisha kwa mwenyekiti.

Ambaye yuko msibani. Wiki ya tatu hii! Na marehemu mwenyewe namjua, alikuja kwangu Januari akaazima ngazi yangu ya mbao, ile ya vidato tisa, akasema ni ya siku mbili, anaziba bati. Sasa nitamdai nani? Mjane huwezi kumwendea na habari za ngazi. Arobaini ni mwezi ujao. Nitakwenda, nimevaa kanzu, nitaitikia dua zote, na wakati wa pilau nitaulizia choo kiko wapi, nipite nyuma ya nyumba nichungulie.