Msiwafungie ndani wagonjwa wa moyo

Asanteni kwa makala yenu kuhusu wagonjwa wa moyo wanaoacha huduma za utengamao, yaani mazoezi na ushauri wa kumrudishia mgonjwa nguvu, wakisharuhusiwa kutoka hospitali. Niongeze hili: mara nyingi wanaomzuia mgonjwa ni familia. Baba yangu alipozibuliwa mshipa wa moyo, ndugu wote waliokuja kumjulia hali walisema "pumzika mzee", hata kwenda dukani wasimruhusu. Moyo ni msuli jamani, unarudishiwa nguvu taratibu, chini ya uangalizi. Mtaalamu wa fiziotherapia alimpa kipimo rahisi: tembea kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza, kifua kikiuma, simama kabisa.

Tafiti zimeonyesha utengamao hupunguza vifo vya moyo na kulazwa tena, lakini hata Marekani ni takriban robo tu ya wanaostahili wanaohudhuria, na wanawake ndio wachache zaidi. Madaktari wetu, lisemeni kwa mkazo kabla ya kumruhusu mgonjwa, neno lenu lina uzito kuliko letu. Na kwa wa mikoani ambao nauli ni mzigo, wapangieni mazoezi ya nyumbani na muwafuatilie kwa simu.