Shilingi Mia Tatu za Rimoti

Asubuhi ya leo nimeteremka ngazi kwa utulivu wa mtu aliyelipia chumba chake wiki mbili mbele, nikakabidhiwa bili ambayo mwisho wake, chini ya hesabu ya usiku na chini ya maji ya kunywa, umeongezwa mstari mpya kwa kalamu nyekundu: "Rimoti iliyopotea, 300." Nimeusoma mara tatu. Katika wageni wote wa vyumba sita vya ghorofa ya pili ya lojingi hii, iliyo nyuma kidogo ya Mwembe Tayari, mimi ndiye pekee ninayeweza kuapa kwamba rimoti yao ya kiyoyozi sikuigusa hata kwa ncha ya kidole kwa muda wa siku tisa. Na mimi ndiye pekee nisiyeweza kuutoa ushahidi wenyewe.

Mwajiri wangu kule Voi alinituma Mombasa nihesabu mali katika godauni moja la Shimanzi kwa wiki sita, akanipa posho ya shilingi 3,000 kwa siku, ya jumla, kwa maana kwamba kitakachobaki ni changu na kitakachopungua ni changu pia. Fomu yake ina nafasi iliyoandikwa "Gharama za hoteli", nami kwa kuwa hoteli ninayoijua ni mahali pa kula, wiki ya kwanza nilimpelekea risiti za pilau, jambo ambalo limeacha baridi fulani baina yetu. Ndiyo baridi pekee niliyoipata bila kuilipia.

Chumba nilikitafuta kwa akili. Sikutaka ghorofa ya juu kabisa, kwa sababu dari la zege hula jua mchana kutwa na kulitapika usiku kucha juu ya kitanda cha mgeni. Sikutaka dirisha la magharibi, ambalo alasiri hugeuza chumba kuwa tanuri. Nikachukua namba kumi na moja, dirisha la mashariki, nikakaa na Mama mwenye lojingi juu ya busati lake, tukanywa kahawa chungu vikombe vitatu, nikamweleza kwa adabu kwamba bei ya usiku mmoja ni ya mpita njia, ilhali mimi nitalala usiku 42 na mashuka yangu nitayavumilia wiki nzima. Kutoka 2,300 tukafika 2,000. Nilijihesabia shilingi 12,600 zilizookolewa kabla sijafungua begi. Nilipoomba risiti ya eTIMS, ile inayoonwa na watoza kodi, bei ilikumbuka ghafla kwamba duniani kuna kodi ya asilimia 16, basi risiti nikaiacha ilale, na jinsi nitakavyomweleza mwajiri ni shughuli ya mwezi ujao.

Chumba cha feni kilikuwa 1,500. Maana yake ni kwamba kiyoyozi kinanigharimu shilingi 500 kila usiku, yaani 21,000 kwa safari nzima, na kwa fedha hizo mtu angetazamia kwamba kiyoyozi ni chake. Kumbe nilichokodi ni ile sanduku nyeupe iliyo ukutani peke yake. Roho yake, yaani rimoti, hukaa mapokezini, moja kwa vyumba sita, imefungwa kwa karatasi ya nailoni kama kipande cha halua, ndani ya mfuko wa shati la kijana wa zamu. Ukiihitaji unashuka, unaomba, kijana anapanda nawe, anasimama chini ya mashine kama anayeiombea dua, anabonyeza hadi isome 24, anaitegea saa moja ijizime, anakuambia "Lala salama, ami," na kuondoka nayo.

Kuhusu 24 nakiri kijana alikuwa na haki. Wageni wengi hudhani kwamba ukiweka 16 chumba kitapoa upesi zaidi, lakini mashine hizi za zamani hupuliza kwa nguvu ileile uwekapo 16 au 24. Tofauti ni kwamba kwenye 16 haipumziki, na umeme wa tokeni unatiririka. Mama naye alinieleza jinsi watu wanavyoacha AC inawaka mchana kutwa na madirisha wazi, wao wakiwa ufukweni Nyali. Hayo yote niliyaelewa. Nisichokielewa ni ile saa moja.

Sasa ulikuwa mwezi wa Machi, msimu wa maleleji, kaskazi imeshafunga virago na kusi bado haijaripoti kazini, na juu ya kisiwa hiki hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani la mwarobaini. Saa saba za usiku kiyoyozi kikajizima. Saa saba na robo nilikuwa nimelowa kama niliyetolewa Kilindini kwa ndoano. Nikajifunga kikoi, nikavaa fulana, nikashuka kwa heshima zote.

"Ami, rimoti iko kumi na nne," akasema kijana kutoka godoroni nyuma ya meza, bila kufumbua macho.

Nikapanda. Kumi na nne alikaa mfanyabiashara wa Lamu, mtu mpole mno, aliyefungua mlango na kunipa mkono. "Masalkheri, bwana. Habari za kazi? Na huko Voi hawajambo?" Hawajambo. Na Lamu je? Wazima wote, alhamdulillahi. Mvua? Bado. Tulipomaliza hali za bara na za visiwani akaniambia kwa masikitiko kwamba rimoti ameshaitoa, iko kumi na mbili. Kumi na mbili palikuwa na bwana na bibi harusi, mlango ambao mtu mstaarabu haugongi saa saba usiku, basi nikasimama ukumbini nikikohoa. Haukupita muda akatoka mama wa namba tisa amejifunga leso, na mtoto begani. Baada yake akatokea mzee wa namba kumi na tatu, amevua shati, ameshika kipepeo cha ukindu. Tukawa watu wazima watatu na mtoto mmoja, tumepanga foleni gizani kama wangojao kinyozi siku ya kuamkia Idi, tukisalimiana upya kila aliyeongezeka, kwa sababu joto si sababu ya kukosa adabu.

Ukazuka mjadala wa nani atangulie. Nilisema mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Mzee akasema yeye ana pumu. Mama hakusema lolote, alimgeuza tu mtoto ili tumwone mgongo wake jinsi ulivyotoka vipele vya joto, na kesi ikaisha hapo. Maharusi wakafungua saa nane kasoro dakika ishirini, rimoti ikapita mlangoni kwenye mkono ambao mwenyewe hakuonekana. Mama akaingia nayo, akatoka. Mzee akaingia nayo, akakaa, akakaa tena, nikamsikia anakoroma. Nikaenda kumwamsha. Nikaipata. Nikaielekeza juu, nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikaipigapiga kiganjani kama wafanyavyo watu wote duniani. Betri zilikuwa zimekufa.

Nilishuka. Kijana akaamka, akatafakari, akapanda juu ya kiti, akaitungua saa ya ukutani na kuitoa betri yake. Saa hiyo hadi leo inasoma saa nane na dakika tano, na kila mgeni mpya anayeingia huniuliza kama ni mbovu. Betri moja ya saa na moja iliyotafunwa kidogo kwa meno vikatosha. Kiyoyozi kikalia pi. Kijana akaweka 24. Kisha, mbele ya macho yangu, akaanza kuitegea saa moja.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Mimi, mtu wa miaka 51, niliyewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi tatu, nilisimama na kikoi mkononi kwa sababu fundo lilikuwa limefunguka, nikamwuliza mtoto wa watu kama nimekodi chumba au nimekodi dakika, kama hewa ya Mombasa imewekwa mita, kama nikifa mle ndani maiti yangu nayo itategewa saa. Akanisikiliza hadi mwisho. "Ni amri ya Mama, ami," akasema. "Lala salama."

Siku ya pili, njia ya Digo Road, kwa muuzaji mmoja mwenye meza ya chaja na vioo vya simu, nilinunua rimoti yangu. Boksi lilisema inaelewana na aina 1,000 za viyoyozi. Alitaka 800, nikampa 450. Niliipandisha chumbani ndani ya soksi, nikafunga mlango, nikaanza kuitafutia namba yake, ambapo inakubidi uendelee kushikilia kitufe huku rimoti ikijipitisha aina moja baada ya nyingine, nawe umeinua mkono mbele ya ukuta kama anayekula kiapo mahakamani. Nilibadilisha mikono mara nne. Ikalia pi, mdomo wa kiyoyozi ukafunguka, na machozi yakanilengalenga.

Kwenye kioo palitokea picha: theluji, tone, feni na jua. Nikawaza kwamba theluji ni mambo ya Wazungu, na kwamba hapa Mombasa, penye jua, mtu angechagua jua. Nikachagua jua. Kwa muda wa nusu saa nilijilaza chini ya upepo nikijiambia kwamba mashine inachukua muda kuanza, hadi nilipohisi ninaumuka kama mkate wa mofa na nikatambua kwamba kumbe kuna mtu, mahali fulani, aliyeona haja ya kuipeleka Mombasa mashine ya kuongeza joto.

Baada ya hapo niliishi vizuri. Sitaki kuficha. Siku tisa nililala kwenye 25, ambayo pamoja na pangaboi la polepole inamtosha binadamu yeyote, wala sikwenda mapokezini. Nilimwambia kijana kwamba sisi watu wa Voi tumezoea joto. Habari hizo zilimfikia Mama, akanisifu mbele za wageni. Raha nyingine nilijitafutia mwenyewe. Maji ya kuoga ya moto sikuyalipia, maana tangi jeusi lililo juu ya paa huyachemsha bure ifikapo saa saba za mchana, ila ni ya kisima, yana chumvi, na sabuni haitoi povu hata uisimange. Maji ya kunywa nachukua mtungi wa lita 20 badala ya vichupa. Asubuhi nakula mahamri na mbaazi kwa mama mmoja wa kibandani, na mara moja niliyaweka mahamri dirishani yapoe, kunguru akayachukua mawili huku akinitazama usoni. Mto wa kitandani sitausema.

Juzi mfanyabiashara wa Lamu aliondoka na basi la alfajiri. Jioni yake rimoti haikuonekana. Inadhaniwa imekunjwa ndani ya kikoi chake bila yeye kujua, na pengine sasa iko mahali ambapo hakuna kiyoyozi. Mama akapitisha hukumu kwamba vyumba sita vigawane hasara, mia tatu mia tatu.

"Mama," nimemwambia leo, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "wewe mwenyewe ni shahidi kwamba mimi rimoti siitumii."

"Najua, baba, na Mungu akuzidishie. Lakini unalala chini ya AC, hulali chini ya mwembe."

"Mia tatu mara sita ni elfu moja na mia nane. Rimoti haifiki bei hiyo."

Akaniangalia kwa muda. "Ya kampuni inafika," akasema. "Hizi za mia nne na hamsini za Digo Road ndizo hazifiki."

Nimelipa. Nimehesabu noti tatu bila kuinua uso, nikaomba radhi, nikaenda kazini, na siku nzima magunia ya Shimanzi yamekuwa yakinitoka hesabu, kwa sababu sijui kama ametaja bei hiyo kwa kubahatisha au kuna aliyepekua soksi zangu. Na baya zaidi ni hili: rimoti mpya ya Mama haijafika, ghorofa nzima haina kiyoyozi, na mpira unaotoa maji ya kiyoyozi cha chumba changu hudondoka juu ya bati la jiko lake, toni, toni, toni. Wakati mipira yote sita inadondoka hakuna aliyejua upi ni upi. Usiku huu nikiwasha, utadondoka mmoja tu.

Kwa hiyo ninayaandika haya ndani ya feri ya Likoni. Mtembea kwa miguu halipi hata senti, upepo wa mkondoni ni halali, na hakuna anayeutegea saa. Hii ni safari yangu ya tatu, ng'ambo na kurudi, na mlinzi wa lango ameanza kunitazama, maana ni yeye pekee aliyegundua kwamba mtu huyu mwenye begi hafiki anakokwenda. Rimoti iko kwenye begi, sikuthubutu kuiacha. Nikiteremka upande wa Likoni nitanunua mihogo ya kukaanga nipitishe saa, ingawa mihogo nayo siku hizi naona wanaikata vipande vyembamba kama kalamu, ndimu wanaikamua mbali na karatasi, na ukiomba uongezewe pilipili unaulizwa kama umekuja kununua mihogo au umekuja kununua pilipili, swali ambalo jana nililijibu vibaya, na sasa lazima nitafute muuzaji mwingine.