Mwenge hauzindui ukarabati

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya usafi katika hospitali moja huku Uingereza nilikabidhiwa dekio na ndoo tatu. Nikadhani zote ni za kudekia. Kumbe mbili ni za kukinga mvua kwenye korido ya wodi ya wazee, na moja imebandikwa karatasi: usihamishe. Nilipomsimulia mama mkubwa kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hata Ulaya kunavuja?"

Kunavuja, mama. Tena hiyo ni nafuu. Queen Elizabeth Hospital ya mji wa King's Lynn, England, ilifunguliwa 1980, na paa lake ni la RAAC, zege jepesi lenye vitundu kama mkate, lililotarajiwa kudumu kama miaka 30. Leo limeegemezwa kwa nguzo zaidi ya 4,000, nyingi kuliko vitanda.

Deni la matengenezo la hospitali za umma za England, yaani gharama ya ukarabati uliopaswa kufanywa ukaahirishwa, lilifika pauni bilioni 13.8 mwaka 2023/24. Miaka ya 2010 mabilioni ya fedha za maendeleo yalihamishiwa matumizi ya kila siku: mishahara, dawa, umeme. Mgonjwa hasubiri, paa linasubiri. Siwalaumu sana, ningekuwa mganga mkuu huenda ningefanya hivyohivyo. Mwaka 2020 serikali yao ikaahidi hospitali mpya 40 ifikapo 2030. Januari 2025 ikatangazwa kwamba baadhi ujenzi wake hautaanza kabla ya 2035. Nguzo zile zina kazi bado.

Kwetu Tanzania ugonjwa ni mwingine. Sisi kujenga tunajenga. Mkopo wa UVIKO-19 wa 2021, ule wa shilingi trilioni 1.3, ulileta majengo ya dharura na ICU (vyumba vya wagonjwa mahututi), na nayasifu bila kinyongo. Lakini Mwenge wa Uhuru, ule unaokimbizwa nchi nzima kila mwaka, ukija wilayani unazindua jengo jipya. Nani aliwahi kuuona umesimama mbele ya koki iliyobadilishwa? Hospitali aliyojifungulia mdogo wangu, OPD, jengo la wagonjwa wa nje, inang'aa kwa vigae, ila nyuma yake mabati ya wodi ya wazazi yameliwa na kutu. Fundi ni mmoja, na ngazi anaazima kwa jirani.

Kwa hiyo nasema jiwe la msingi lisiwekwe kabla jengo halijatengewa fungu la matengenezo la kila mwaka, lenye kifungu chake, ambalo hata mishahara ikichelewa haliguswi. Na fundi yule anunuliwe ngazi.