Dkt. Lukwiya na hoja ya "tumechoka na mashujaa"

Kila tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, Uganda hugawa medali, na kila mwaka baada ya gwaride ubishi ule ule huzuka, kuanzia redioni hadi kwenye vibanda vya chai vya Busia na Arua. Wapo wanaosema tumechoka na mashujaa. Idi Amin alikuwa bingwa wa ngumi, jasiri, mcheshi, anajua kuzungumza na askari wa chini, na mwaka 1971, alipotwaa madaraka, Kampala ilimshangilia barabarani; kisha akawa dikteta. Waasi wa Museveni waliotoka msituni na kushika serikali mwaka 1986 nao hawakukosa ujasiri. Ukomo wa mihula ya urais ukaondolewa mwaka 2005, na wa umri mwaka 2017. Kwa hiyo, wanasema, tusihangaike na mtu mwenye sifa. Tujenge mifumo ambayo hata mtu wa kawaida ataiendesha.

Hoja hiyo ina uzito. Kinachonikera ni jinsi inavyochukulia kwamba ushujaa ni kifua na sauti nzito. Hata 9 Juni yenyewe haikutokana na jenerali: ni siku aliyouawa Edidian Luttamaguzi mwaka 1981, mwanakijiji wa Luwero aliyekataa kuwaambia askari wa serikali waasi walikojificha. Na mfano ninaouona mzito zaidi hauna bunduki kabisa.

Oktoba 2000, Dkt. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Lacor nje kidogo ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, alikuwa Kampala, masomoni Makerere. Akaitwa: wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akarudi, akapekua mafaili ya wagonjwa, akalinganisha dalili na maandiko ya kitabibu, na kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha kuwa ni Ebola, tayari alikuwa amefungua wodi ya kuwatenga wagonjwa. Wizara ya Afya aliipigia simu moja kwa moja, bila kusubiri barua ipande ngazi za ofisi. Sifa ya kwanza ndiyo hiyo, wala haina mbwembwe: kusoma, kushuku, kisha kuchukua hatua huku ukijua kwamba ukikosea utachekwa nchi nzima.

Hapa kuna takwimu inayotumiwa vibaya. Kati ya wagonjwa 425 wa mlipuko ule, walikufa 224. Wanaomsifu huilinganisha na Kikwit, Kongo, mwaka 1995, ambako kati ya kila wagonjwa watano walikufa karibu wanne, kisha husema: tazameni kazi ya Lukwiya. Sivyo. Kirusi cha Kikwit kilikuwa cha aina ya Zaire, cha Gulu kilikuwa cha aina ya Sudan, ambacho kwa kawaida huua wachache zaidi. Mwaka 1976 kusini mwa Sudan waliugua watu 284, wakafa 151. Ni asilimia 53. Gulu, miaka 24 baadaye, ni asilimia 53 vilevile. Ukimtafuta shujaa katika sehemu hiyo ya hesabu hutampata, na kumsifu kwa jambo asilolifanya ni kumpunguzia yale aliyoyafanya. Mimi huitazama ile 425. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko yote ya Ebola iliyokuwa imetokea hadi wakati ule, ndiyo, lakini ulitokea vitani, katika eneo ambalo watu walikuwa wamesongamana kwenye kambi, vibanda vikikaribia kugusana. Mahali pa namna hiyo, kila siku ya kungoja majibu ya maabara ilikuwa na bei yake. Walioepuka kuambukizwa kwa sababu wodi ilifunguliwa mapema hawakuandikwa popote.

Kisha wauguzi wakaanza kufa. Lacor ilipoteza wahudumu zaidi ya 10. Wenzao wakakusanyika kwa hasira na hofu, na Lukwiya akawaambia anayetaka kwenda aende. Yeye hataisaliti kazi yake. Wengi wakabaki. Kutoka kinywani mwa mkubwa mwingine, ingekuwa hotuba tu. Ila siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989, waasi walipofika hospitalini kuteka watu, yeye ndiye aliyejitoa achukuliwe badala yao, akakaa na waasi hao porini kama wiki nzima. Wauguzi hawakuwa wamesahau. Tena aliwaachia mlango wazi, jambo ambalo majasiri wetu wa ikulu hawakulizoea. Amin angeuliza ni nani aliyeitisha mkutano.

Wakosoaji wana jibu, na ni jibu zuri. Lukwiya alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Inasimuliwa kwamba aliambukizwa usiku alipomkimbilia muuguzi aliyekuwa mahututi, bila kuvaa miwani ya kujikinga. Mkuu alivunja kanuni aliyowafundisha wengine, na hospitali ikampoteza katikati ya mapambano. Sioni haja ya kulipamba hilo.

Wana hoja nyingine inayouma zaidi. Mwaka 2022 Ebola ya aina ile ile ya Sudan ilizuka Mubende. Waliambukizwa wahudumu wa afya 19, wakafa 7. Madaktari waliokuwa mazoezini huko waligoma wakilalamikia uhaba wa vifaa vya kujikinga. Kuwarushia vijana hao jina la Lukwiya ili wanyamaze ni dhuluma tupu. Na ni kumsoma vibaya, kwa sababu katika wodi ile yeye alianza na glavu, magauni na kanuni za usalama; moyo wa kujitoa haukuwa mbadala wa glavu.

Ndiyo maana siuoni ukuta kati ya mtu na mfumo. Wodi ya kutenga ni mfumo, lakini ilihitaji mtu wa kuifungua kabla ya kuamriwa. Naye alipokufa Lacor haikufungwa. Ipo hadi leo, inatibu. Wanaodai mifumo wangenishawishi zaidi kama wangeingiza suala la tabia katika namna tunavyowateua wakuu wa hospitali, shule na wilaya, badala ya kutazama vyeti na miaka kazini pekee. Ningekuwa katika jopo la kuteua mganga mkuu, ningeanza kwa kuwauliza wauguzi wa zamu ya usiku ni daktari yupi huja akiitwa saa nane.