Bega Langu na Kamati ya Wazazi

Mji wetu ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya asubuhi, jioni unapewa pole na mtu wa upande wa pili. Ungedhani basi kumpata mtaalamu wa fiziotherapia, yule anayetibu viungo kwa mazoezi, ni kazi ya kuuliza mara moja tu. Tatizo ni kwamba katika mji wa namna hii hakuna anayekubali kusema "sijui".

Bega la kulia lilianza kwa kuuma usiku. Baadaye likakaza. Nikawa siwezi kuchana nywele, siwezi kutoa pochi mfuko wa nyuma, na shati nalivaa kwa kutanguliza mkono mgonjwa, kisha naliviziavizia lililobaki. Kulalia ubavu ule ndiyo nikasahau kabisa.

Muuza dawa hakusubiri nimalize sentensi, akanielekeza kwa mkandaji. Mkandaji alinikanda mpaka nikakumbuka majina ya walimu wangu wote wa shule ya msingi. Alipochoka akatangaza kwamba bega limetoka, akaushika mkono kwa mikono miwili ili alirudishe. Bega halikuwa limetoka. Aliyetoka ni mimi, mbio, shati mkononi.

Jirani akasema anamjua mtu wa mazoezi. Nikaenda, nikamkuta kijana anayefundisha watu kunyanyua vyuma. Aliniangalia juu hadi chini akasema ninachoumwa ni kukosa misuli. Mfanyakazi mwenzangu naye akanipa namba ya simu. Huyo aliyepokea, kwa kweli, alikuwa msikivu kuliko wote. Aliuliza kama maumivu yanazidi usiku, kama niliwahi kuanguka, kama mkono unakufa ganzi. Tulipofika mwisho akanijulisha kwamba yeye ni fundi magari, ila mama mkwe wake alipata shida hiyo hiyo, na nisikate tamaa.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye wa kwanza kunipa jibu la maana: "Kaka, hapa hatuna fizio. Mpaka hospitali ya mji mkubwa." Kwa kuwa foleni ya huko ni ndefu, akanionyesha cha kufanya nikiwa nasubiri. Unasimama ukiutazama ukuta, unavitembeza vidole juu polepole mpaka bega likatae, unatulia hapo, kisha unavishusha polepole vile vile. "Kila ukipata ukuta," akasisitiza.

Ukuta niliupata kwenye mkutano wa wazazi, shuleni kwa mtoto wangu. Niliingia nimechelewa, viti vimekwisha, nikasimama nyuma kabisa. Ajenda iliyokuwa mezani ni kumchagua mweka hazina, na mliowahi kukaa mikutano hii mnaujua ukimya wake. Mwenyekiti aliuliza nani atajitolea, na ghafla kila mzazi akawa na jambo la kutazama sakafuni. Mimi nikaona kimya kirefu hivi kisipotee bure. Nikageukia ukuta. Vidole vikaanza safari, vikapita kifua, vikapita kidevu, vikakwama usawa wa paji la uso.

"Ahsante sana, baba! Nimekuona pale nyuma!"

Mtu mwenye bega zima angeushusha mkono mara moja, mambo yakaisha. Wangu hushuka kidole kimoja kimoja, na kila sekunde uliyobaki juu ilionekana kwamba nasisitiza. Makofi yakapigwa. Nikasikia mtu akimwambia mwenzake, "Umeona anavyoitaka?"

Nikiwa bado natafuta pumzi ya kujieleza, mama mmoja wa safu ya tatu alikuwa amegeuka. Hakupiga makofi, alikuwa ananikagua.

"Huo mkono haujapanda," akasema kwa sauti. "Kilichopanda ni bega. Tazameni lilivyolisogelea sikio."

Ukumbi mzima ukageuka kutazama bega langu.

Yeye ndiye fizio. Anafanya kazi kwenye hospitali hiyo hiyo ya mji mkubwa na hurudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Nyumba yake naipita kila siku, na mtoto wake anakaa dawati moja na wangu. Muuza dawa anamfahamu vizuri tu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunitajia, alishangaa: "Yule? Yule si anawatembeza waliopata kiharusi?"

Mkutano ulipofungwa yule mama akanikalisha kwenye dawati la darasa la kwanza. Akanibana kiwiko ubavuni, akaniambia nizungushe kigasha kuelekea nje. Kikagoma. Akajaribu kukizungusha yeye, kikagoma pia, na hapo ndipo alipotikisa kichwa. Kano za bega zikichanika, alieleza, mara nyingi wewe unashindwa kuunyanyua mkono lakini mtu mwingine akikunyanyulia unapanda. Wangu ulikuwa umetukatalia wote wawili. Mfuko unaokizunguka kiungo ulikuwa umevimba, ukawa mnene, ukasinyaa, bega limeganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari ndio huandamwa zaidi. "Umepima sukari?" akauliza, mbele ya wazazi ambao ghafla hawakuwa na haraka ya kurudi makwao.

Kipimo chake cha kazini hakuwa nacho, akachukua kipimapembe kikubwa cha mbao, kile cha ubaoni, akakiegemeza begani kwangu chenye vumbi la chaki na kuniambia niinue mkono pembeni. "Nyuzi 80, kati ya 180." Katibu, ambaye hakuwa amefunga daftari lake, akaandika.

Halafu akaniinamisha. Mkono mzima umeshika dawati, mgonjwa unaning'inia, nauchezesha kwa kuchora viduara vidogo hewani. Nikiwa katika hali hiyo, uso unatazama viatu vya watu, nikamuuliza hii shughuli itachukua muda gani.

"Usiwe na pupa. Litauma, litaganda, kisha litalegea taratibu. Mwaka, miwili, wengine hata mitatu."

Vile viatu vyeusi pembeni yangu vilikuwa vya mwenyekiti.

"Hapo hakuna tatizo," akasema. "Muhula wa mweka hazina ni miaka mitatu." Akautegea mkono uliokuwa unaning'inia, na ulipomaliza duara akaniwekea funguo za sanduku kiganjani.