Kwanza Tunawanyamazisha, Kisha Tunawapa Maiki

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye mahafali ya kidato cha nne ya binti wa dada yangu. Mahafali mnayajua: maturubai, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, spika mbili zinazopiga mluzi, mgeni rasmi kachelewa saa mbili na nusu. Ikafika zamu ya risala ya wahitimu. Akasimama binti mmoja mwembamba, karatasi ipo mkononi ila kaambiwa asiisome, aitoe kichwani ili mgeni rasmi aone shule inafundisha. Kwa Kiingereza, bila shaka. Aya ya kwanza ikatoka kama maji ya bomba. Aya ya pili ikakatika, kama maji ya bomba.

Kimya. Inasikika jenereta tu. Binti anatazama juu ya turubai kana kwamba risala imebandikwa kule. Mwalimu aliyekuwa anaongoza shughuli akachukua maiki: "Mpigieni makofi jamani, kapotea njia!" Watu wakaangua kicheko. Na wazazi wenye suti zao wakacheka. Baadaye mgeni rasmi akainuka kutupa nasaha, akasema tatizo la vijana wa siku hizi ni kutojiamini. Nasaha hiyo aliisoma kwenye karatasi, bila kuinua macho.

Hawajiamini. Neno hilo limenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Nimefundisha sekondari ya serikali miaka 11 kabla sijaacha chaki, kwa hiyo hapa nasema ya nyumbani kwangu. Hebu tukumbushane jinsi huko kujiamini kunavyong'olewa. Mwalimu akitoka darasani, monita anabaki na kipande cha karatasi. Juu kaandika "Wapiga kelele", chini majina, na anayerudia anaongezewa: mara 2, mara 3. Mwalimu akirudi, karatasi inageuka fimbo. Mkuu wa shule akipita dirishani akasikia sauti anauliza, "Hili darasa la nani?" Akikuta kimya anapita zake ameridhika, hata kama nusu ya watoto wamelala. Mtoto akiuliza swali mara moja ni mwerevu, akiuliza mara mbili ni mjuaji, ya tatu ana kiherehere. Akijibu vibaya anabaki amesimama mpaka apatikane wa kumsaidia, na wenzake wanamcheka, na mwalimu anacheka nao. Nyumbani nako wakubwa wakizungumza yeye hana la kusema.

Miaka 7 ya msingi, miaka 4 ya sekondari. Kwa miaka 11 mdomo wake ni ushahidi wa kosa. Halafu siku ya mwisho tunamvalisha joho, tunampa maiki mbele ya watu 600, tunashangaa.

Watu husema ni hofu ya umati. Mimi siamini kama ni umati. Kinywa kukauka, moyo kwenda mbio, magoti kulegea, hayo yanampata kila mtu, mpaka mchezaji anayekwenda kupiga penalti. Mimi mwenyewe kabla ya kusimama mbele ya watu lazima niende chooni mara mbili. Mwili unajiandaa tu. Kinachomgandisha mtoto ni kumbukumbu: mwili unakumbuka kilichompata mara ya mwisho alipofungua mdomo.

Najua, darasa lina watu 90 na mwalimu ni mmoja. Nimekaa humo. Bila utulivu kidogo hata jina lako hulisikii. Hilo nalikubali, japo shingo upande, kwa sababu utulivu wakati mwalimu anaeleza ni jambo moja, na kuugeuza ukimya kuwa ndiyo nidhamu yenyewe ni jambo lingine.

Nendeni mkasikilize madrasa yoyote saa kumi jioni. Toka mbali unasikia mvumo kama wa mzinga wa nyuki, maana kila mtoto anasoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake. Kelele ndiyo somo. (Bakora zipo, tusidanganyane.) Mtoto yuleyule wa miaka 7 unamkuta kwenye maulidi kasimama mbele ya msikiti mzima, anasoma bila kutetemeka. Kanisani Krismasi ni hivyohivyo, vitoto vinasema mistari kwa ghibu, kimoja kikikwama mwalimu wake anamnong'oneza neno, kinaendelea, hakuna anayekufa. Jumatatu watoto hawahawa wako shuleni, na tunaandika kwenye ripoti kwamba hawajui kujieleza.

Hata shule yenyewe iliwahi kuwa na dawa. Ngonjera! Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mshairi Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, waliisambaza nchi nzima, na sisi tuliokuja baadaye tulikuta bado ina nguvu. Tuliona ni mchezo, kumbe ilikuwa mafunzo. Kwanza husimami peke yako: mko sita, nane, ukisahau mwenzako anakugusa kiwiko. Pili ni mabishano, asiyejua anauliza na anayejua anajibu, kwa hiyo unalazimika kumtazama mtu na kumwambia kitu. Tatu, mizani nane halafu kituo, mizani nane halafu kituo, na kile kituo ndipo unapovuta pumzi. Hakuna aliyetufundisha kupumua, shairi lilitupumulisha. Leo ngonjera inatolewa kabatini siku mheshimiwa anapokuja kuzindua matundu ya vyoo, na mitaani neno lenyewe limekuwa tusi: "Acha ngonjera zako."

Turudi kwa yule binti. Risala ile hakuiandika yeye. Nimeandika risala za aina hiyo za kutosha, nazijua: shukrani, mafanikio, uhaba wa madawati, tunaomba uzio na basi la shule. Mtoto anapewa maneno ya mwalimu wa taaluma, kwa lugha aliyoanza kufundishiwa karibu masomo yote juzi tu, kidato cha kwanza, anaambiwa ayameze. Neno moja likidondoka, barabara imekatika, hana njia ya mchepuko kwa sababu hajui alikuwa anakwenda wapi. Angekuwa anatueleza jambo lake, kwa mfano siku waliyopikiwa maharage yenye mafuta ya taa, angesahau vipi? Nilimwona baada ya shughuli, kule kwenye kreti za soda, amezungukwa na wenzake. Anamwigiza mgeni rasmi: mkono mfukoni, miwani puani, anakohoa kila baada ya sentensi. Mmoja soda ilimtokea puani.

Kiingereza kinatakiwa, sawa. Kimenipa kazi, sitakikana. Lakini kumfundisha mtu kuogelea huku umemfunga gunia la mahindi mgongoni, kisha useme anaogopa maji? Azoee kusimama na kusema kwa lugha anayoiotea ndoto, Kiingereza kitapanda juu yake.

Mimi nilichelewa kuyaona haya. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye kigugumizi, na kwa huruma yangu nikawa namruka kila tunaposoma kwa sauti. Mwaka mzima. Siku moja akanifuata nje ya ofisi ya walimu, akahangaika na maneno mpaka yakatoka: "Shikamoo mwalimu. Mbona mimi hunisomeshi?" Nilikosa jibu. Baadaye nikaja kujua anaimba kaswida, tena ndiye anayetangulia, na akiimba halikwami hata neno. Shule nzima haikujua, kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kutoa sauti.

Baada ya hapo nikabadilisha. Jumatatu, dakika 2, kila mtu anamweleza wa dawati lake alivyofika shuleni leo. Siyo umuhimu wa elimu, alivyofika. Wiki zinazofuata, watu wanne. Halafu unaeleza darasa zima ukiwa umekaa, halafu umesimama hapohapo, mbele tunakwenda mwisho kabisa, na pointi tatu kichwani badala ya maneno mia tatu. Sikumkatiza mtu kumsahihisha. Makosa niliyaandika nikamwambia pembeni. Mwanzoni niliweka sheria kwamba anayecheka ndiye anayefuata kuzungumza. Wiki ya pili nikashtuka: nimeshaugeuza usemaji kuwa adhabu, nimerudi kwenye kiboko kwa mlango wa nyuma! Nikaifuta. Kelele? Zilikuwepo. Mkuu wa shule alipita dirishani mara mbili.

Na wale wa "itifaki imezingatiwa" ningewaomba wamtazame Mwalimu Nyerere akihutubia pale Mbeya, Mei Mosi 1995. Anacheka, anauliza, anajijibu, ananyamaza, kama mtu aliyekaa barazani. Basi.

Nilipohama nyumba nilikuta kwenye daftari la zamani moja ya zile karatasi za monita. Majina 14. Mmoja kaandikiwa "mara 7", nadhani ilikuwa rekodi, na fimbo zake nilizichapa mimi. Kijana huyo sasa ni MC wa harusi. Mwaka jana nilimpigia kwa ajili ya send-off ya mdogo wangu, akanitajia bei, nikaguna, nikamwomba amfikirie mwalimu wake. Alicheka sana. Akaniuliza ile orodha kama bado ninayo.