Waziri mkuu alipwe, lakini tuoneshwe hesabu

Hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), walimu wakianza kulalamikia mishahara yao, hakosekani wa kusema: waziri mkuu angekuwa anaipenda nchi kweli, angefanya kazi bure. Hasira hiyo naielewa. Hoja yenyewe naikataa.

Mji huu umeshaona watu wakifanya kazi bila kulipwa. Wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walikaa miezi na miezi bila mshahara, mpaka karibu 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003. Wake zao walishika biashara ya unga na makaa ili nyumba zisilale njaa. Mwenye ofisi kubwa hatauza makaa. Atauza sahihi yake. Mbuzi hula pale alipofungwa, na waziri mkuu amefungwa karibu na mikataba ya madini.

Tena Katiba ya 2006, kifungu cha 97, inawakataza wajumbe wa serikali kufanya kazi nyingine, isipokuwa kilimo, ufundi wa mikono, utamaduni, ualimu na utafiti. Ukimnyima na mshahara, nani atakubali cheo hicho? Tajiri, au mtu aliyekwisha kupanga atakula wapi. Mtoto wa mwalimu wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, hata awe na akili namna gani, atabaki nje. Uingereza ilianza kuwalipa wabunge wake mwaka 1911. Kabla ya hapo, asiye na mali angeishije bungeni? José Mujica, aliyekuwa rais wa Uruguay, alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake, nami namheshimu sana kwa hilo. Lakini alilipwa kwanza, ndipo akachagua kutoa.

Kinachoniuma mimi ni vile vinavyofichwa pembeni ya mshahara. Novemba 2018 waziri mkuu Bruno Tshibala alitia sahihi amri ya kuwapa mawaziri wa zamani posho za kila mwezi. Kelele za wananchi zilipanda mwaka uliofuata, amri ikiwa imeshapita. Na lile tangazo la mali za wajumbe wa serikali linalodaiwa na kifungu cha 99 cha Katiba linapelekwa Mahakama ya Katiba, kisha kwa watoza kodi. Sisi tunaolipa kodi hatulioni.

Serikali ya waziri mkuu wetu, mama Judith Suminwa, itangaze mshahara wa cheo hicho kwa franka, pamoja na posho, nyumba, magari na safari, kila mwaka bajeti inapopelekwa bungeni. Na hapohapo pembeni iandikwe mwalimu wa shule ya msingi analipwa ngapi.